Mgeni wa Majira ya Baridi: Namna ya Kumwingiza Koi Mpya Bwawani Bila Kuwazika Wenyeji

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa watu ni kweli tupu. Kwa koi aliyenunuliwa Novemba na kumiminwa siku hiyohiyo kwenye bwawa la nyuma ya nyumba, mgeni akiingia ndipo mwenyeji anapoanza kuumwa. Mwongozo huu umeandikwa ili kumlinda mwenyeji, kumlinda mgeni, na kulinda amani ya nyumba ambamo mtu mmoja anapenda samaki kuliko wenzake wanavyoweza kuelewa.

Wahusika wakuu ni wanaofuga mahali penye baridi ya kweli, Leeds, Toronto au Minneapolis, ambako bwawa la uani linaweza kufunikwa na barafu. Huko kishawishi huja kwa msimu. Wafugaji wa Japani huvuna koi wao mwezi wa Oktoba, na muda si mrefu samaki hao wako kwa wauzaji wa Ulaya na Marekani, wanang'aa. Wakati huohuo maduka mengi ya bustani hupunguza bei ili yasibaki na samaki wa kulisha mpaka majira ya kuchipua. Koi mzuri na koi wa bei nafuu wanakutana sokoni mwezi mmoja, na mwezi huo ndio usiofaa kabisa kuwatia bwawani.

Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake. Ukiruka moja, samaki hatakwambia. Atakuonyesha.

Hatua ya 1: Jifunze kwa wenye samaki wao

Koi wametoka milima ya mkoa wa Niigata nchini Japani, kwenye vijiji vya Yamakoshi na Ojiya. Wakulima wa mpunga wa huko walikuwa wakifuga karpu weusi kama kitoweo cha miezi ya theluji. Mwanzoni mwa karne ya 19 wakaanza kuona vifaranga wenye mabaka mekundu na meupe, wakawatenga, wakawazalisha kizazi baada ya kizazi, na mwaka 1914 samaki hao wakapelekwa kwenye maonyesho makubwa ya Tokyo. Kuanzia hapo nchi nzima ikawajua.

Sasa tazama wanachofanya watu wa Niigata mpaka leo. Majira ya joto koi hukaa kwenye mabwawa ya udongo mlimani, wakinenepa. Ifikapo Oktoba mabwawa hukaushwa, nyavu huvutwa, na samaki hubebwa mmoja mmoja hadi kwenye majengo yenye mabwawa ya zege, ambako joto la maji linadhibitiwa. Huko hukaa mpaka theluji iyeyuke. Ikiwa watu wenye uzoefu wa miaka 200 hawathubutu kumwacha koi wao wa thamani nje mwezi wa Novemba, wewe mwenye bwawa la lita 6,000 na kiti cha plastiki pembeni huna sababu ya kuwazidi ujasiri.

Hatua ya 2: Elewa baridi inafanya nini

Koi hana joto lake mwenyewe. Joto la mwili wake ni joto la maji aliyomo. Maji yakishuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi, hupunguza mwendo, huacha kula, na hutulia karibu na sakafu ya bwawa. Hilo peke yake si balaa. Koi mwenye afya, aliyeteremka na baridi polepole tangu Septemba, huvuka majira hayo vizuri bwawa likiwa na kina cha mita moja na nusu hivi. Maji huwa mazito zaidi yakiwa nyuzi 4, kwa hiyo barafu huelea juu, maji ya nyuzi 4 hukaa chini, na samaki hulala humo.

Balaa liko kwenye kinga. Kinga ya mwili wa koi husinzia pamoja naye, lakini maadui zake hawasinzii wote. Costia, kimelea kisichoonekana kwa macho ambacho hushambulia ngozi na matamvua, huendelea kuzaliana hata kwenye maji baridi sana. Bakteria wa jamii ya Aeromonas nao huanza kuchangamka maji yakiwa na nyuzi 6 au 7, ilhali kinga ya samaki huamka vizuri zaidi ya nyuzi 15. Katikati hapo ndipo samaki wanapokufa. Mkwaruzo wa wavu ambao Julai ungefunga bila wewe kuuona, Novemba hubaki wazi, kingo zake huwa nyekundu, magamba hunyanyuka, na mwishowe ni kidonda kinachoonyesha nyama.

Chujio nalo limechoka. Bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti, na nitriti kuwa nitrati, hufanya kazi kwa unyonge maji yakishuka chini ya nyuzi 10. Ukiongeza samaki wawili, umeongeza uchafu mahali ambapo hakuna wa kuusafisha.

Msomaji wa Limuru au Njombe asijione yuko salama kwa sababu bwawa lake haligandi. Usiku wa Juni na Julai hushusha maji ya nyanda za juu kuelekea kwenye ukanda huohuo wa mashaka, tena kwa kupanda na kushuka kila siku. Kinachoua ni kinga iliyosinzia, si barafu. Hatua zilizobaki zinakuhusu pia. Tofauti ni kwamba wewe utasubiri mpaka Septemba, wenzako wa kaskazini watasubiri mpaka Mei.

Hatua ya 3: Andaa chumba cha mgeni kabla ya mgeni

Mgeni hatafutiwi kitanda akiwa amesimama mlangoni. Tangi la karantini liwe tayari, limejaa na linafanya kazi kabla hujatoa pesa. Weka tangi la lita 1,000 kwenye gereji au chumba cha chini ya nyumba. Hilo linatosha koi wawili au watatu wenye urefu wa shubiri. Ndoo, beseni la kufulia na bafu la wageni havihesabiki, hata vikiwa vikubwa kiasi gani machoni pako.

Tangi linahitaji hita inayojizima yenyewe maji yakifikia joto ulilolipanga, pamoja na kipimajoto kingine kando, kwa sababu hita huharibika na haitoi taarifa. Linahitaji pampu ya hewa, chujio, vipimo vya amonia, nitriti na pH, na dawa ya kuondoa klorini kwenye maji ya bomba. Chukua kipande cha sponji kutoka kwenye chujio la bwawa lako wakati lingali na uhai, mapema kabla ya baridi kali, ukitie kwenye chujio la tangi ili bakteria wazuri wasianze na moja. Sponji hilo limekwenda moja kwa moja, halirudi bwawani. Wavu, ndoo na mpira wa maji wa karantini navyo visiguse bwawa kamwe. Tone moja la maji kwenye ukingo wa wavu linatosha kuhamisha vimelea.

Funika tangi kwa wavu uliobanwa pande zote. Koi mgeni huruka, hasa usiku wa kwanza, na sakafu ya gereji haina huruma.

Jiandae pia kwa mazungumzo ya nyumbani, kwa kuwa yatakuja:

"Baba Neema, hawa samaki wanakaa gereji mpaka lini?"

"Mpaka Mei, Mama Neema."

"Na gari?"

"Gari linavumilia baridi."

Jibu hilo ni la kweli, na ukilitoa kwa upole halina ubishi mkubwa.

Hatua ya 4: Mkague mgeni dukani

Usianzie kwenye rangi. Rangi ndiyo inayokufanya usahau mengine. Anza na kipimajoto: omba uone joto la tangi lao, uliandike. Uliza samaki wamefika lini na kama wamechanganywa na mzigo mwingine. Muuzaji mzuri hufurahia maswali hayo, na muuzaji anayekasirika amekujibu tayari.

Kisha mwombe amweke samaki kwenye beseni la bluu umwangalie kutoka juu. Mapezi yawe yamekunjuliwa, hayajabanwa mwilini. Vifuniko vya matamvua vifunguke pande zote mbili kwa mwendo mmoja. Kama upande mmoja umetulia, kuna tatizo ndani. Angalia shina la mapezi na tumbo: wekundu wa damu chini ya ngozi ni ishara ya kuondoka. Turudi kwenye tangi. Samaki anayejisugua ukutani anawashwa na vimelea, na anayekaa peke yake pembeni wakati wenzake wako pamoja usimchukue, hata ukipewa bure. Wenzake wa tangi moja pia usiwachukue, maana maji yao ni mamoja.

Bei isikudanganye. Mwaka 2018 koi mmoja aliuzwa huko Hiroshima kwa yeni milioni 203, na hata yeye angehitaji karantini kama yule wa dukani kwako. Pesa haiui kimelea.

Hapa pia ndipo penye njia nafuu kuliko zote. Mwambie muuzaji: namlipia leo, abaki kwako mpaka maji yangu yapate joto. Wauzaji wengi wa koi wenye mabwawa yanayopashwa joto hukubali mpango huo, wengine kwa ada ndogo. Ukikubaliwa, umepata samaki wa Novemba na ugeni wa Mei, na gereji imebaki ya gari.

Hatua ya 5: Msafirishe na umfungulie kwa akili

Kabla ya kutoka nyumbani, rekebisha tangi lako lifanane joto na tangi la dukani. Watu wengi wanaamini kuelea kwa mfuko kwa nusu saa kunatibu tofauti yoyote ya joto. Kuelea kunasawazisha maji ya mfuko. Mwili wa samaki hauzoei tofauti ya nyuzi 15 kwa nusu saa. Koi aliyetoka nyuzi 20 akaingia nyuzi 5 anaweza kuogelea vizuri jioni hiyo na kufa baada ya siku kadhaa, na mwenye bwawa akalaumu chakula.

Garini, laza mfuko kukingama na mwendo wa gari, ili ukifunga breki samaki asigonge pua. Uweke ndani ya sanduku la kuhifadhia vinywaji baridi: kuna giza, na joto halibadiliki haraka.

Sasa tuje kwenye mfuko wenyewe. Humo samaki amekuwa akipumua na kutoa uchafu. Hewa ya ukaa imejaa, imeshusha pH, na pH ikiwa chini amonia hukaa katika umbo lisilo na madhara makubwa. Mara tu ukifungua mfuko, hewa ya ukaa hutoka, pH hupanda, na amonia ileile hugeuka sumu inayochoma matamvua. Kwa hiyo, kwa samaki aliyesafiri kwa saa nyingi, ule mtindo wa kufungua mfuko na kuongeza kikombe cha maji kila baada ya dakika tano, kwa nia njema kabisa, humkalisha samaki ndani ya sumu. Elea mfuko ukiwa umefungwa, dakika 20 hadi 30. Ukiisha kuufungua, mtoe mara moja kwa mikono iliyolowa au kwa wavu wa kitambaa laini, mtie kwenye tangi, funika. Maji ya mfuko yamwagwe kwenye mfereji wa maji machafu wa ndani ya nyumba. Yasiende bwawani, mtoni wala kwenye maua yaliyo ukingoni mwa bwawa.

Zima taa. Usialike majirani. Usimlishe siku mbili tatu za mwanzo.

Hatua ya 6: Mpashe joto ili aseme ukweli

Hii ndiyo hatua wanayoiruka wengi, na ndiyo iliyoua mabwawa mengi. Baridi haimponyi samaki mgonjwa, inamnyamazisha. Mfano mkubwa ni kirusi cha herpesi ya koi, ambacho wafugaji hukiita KHV. Kilitambuliwa mwaka 1998, na kwenye bwawa lenye karpu kinaweza kuua samaki wanane kati ya kumi, au wote. Hakina dawa, na kiko kwenye orodha ya Shirika la Afya ya Wanyama Duniani ya magonjwa yanayopaswa kutolewa taarifa. Hakimdhuru binadamu. Kinachokifanya kiwe hatari kwetu ni tabia yake: huonyesha ugonjwa maji yakiwa kati ya nyuzi 16 na 28 hivi. Kwenye maji ya nyuzi 8 samaki anaweza kukibeba akiwa na sura nzuri kabisa. Mwenye bwawa anamwona ametulia Novemba, ametulia Januari, ametulia Machi. Mei maji yanapanda, na kwa wiki mbili bwawa linakwisha.

Kwa hiyo karantini ya maji baridi, hata ikiwa ya miezi minne, haijathibitisha kitu kuhusu kirusi hicho. Mwache mgeni apumzike siku mbili kwenye joto alilokuja nalo, kisha pandisha nyuzi moja au mbili kwa siku mpaka ufike 23. Kaa hapo wiki tatu au nne kamili. Macho yaliyozama, matamvua yenye mabaka meupe yaliyooza, ute unaomwagika kwa wingi na ngozi inayokwaruza kama msasa ni dalili za kuita daktari wa samaki, si za kwenda kununua chupa dukani. Kuna kipimo cha maabara cha kukitafuta kirusi, na kwa samaki wa bei kubwa kinafaa gharama yake.

Wafugaji makini huongeza shahidi: wanamchukua koi mmoja kutoka bwawani, mapema kabla ya baridi, na kumweka na wageni. Mgeni anaweza kubeba kirusi bila kuugua, lakini mwenyeji ambaye hajawahi kukutana nacho ataugua. Awe koi, kwa kuwa samaki wa dhahabu haugui ugonjwa huu. Ni uamuzi mgumu kumtoa mmoja kwa ajili ya wote, nami nauunga mkono.

Siku za mwanzo tia chumvi isiyo na iodini, kilo 3 kwa lita 1,000, ukiigawa kwa siku tatu. Inampunguzia samaki kazi ya kusawazisha maji mwilini. Pima amonia na nitriti kila siku wiki ya kwanza, kwa kuwa chujio jipya huyumba. Zikipanda, badilisha sehemu ya maji kwa maji yaliyoondolewa klorini na yenye joto lilelile. Dawa za vimelea zitolewe baada ya ute kuangaliwa kwenye hadubini. Kumwaga dawa tatu kwa kubahatisha humaliza matamvua ya samaki kabla ya vimelea.

Hapa ndipo hesabu inapofungwa. Samaki uliyempandisha hadi nyuzi 23 Desemba hawezi kuingia kwenye bwawa la nyuzi 3 Januari. Ukimnunua Novemba, umekubali kumkalisha ndani mpaka joto lirudi nje.

Hatua ya 7: Usiwasahau wenyeji

Mgeni akiwa anahudumiwa gerejini, walio bwawani wana haki zao. Acha kuwalisha maji yakishuka chini ya nyuzi 10. Karpu hana tumbo la kuhifadhia chakula. Kinachoingia hukaa kwenye utumbo, na kwenye baridi hakisagiki. Weka neti juu ya bwawa majani yasioze ndani. Inua jiwe la hewa kutoka sakafuni hadi karibu na uso wa maji, ili lisivuruge yale maji ya nyuzi 4 ambamo samaki wamelala.

Barafu ikitanda, bakisha tundu moja la kutolea gesi, kwa hita ndogo inayoelea au kwa sufuria ya maji ya moto iliyowekwa juu ya barafu mpaka izame kidogo. Usipige barafu kwa nyundo. Mshindo unasafiri majini na kumfikia samaki asiye na nguvu ya kukimbia.

Hatua ya 8: Mwingize kwa joto, si kwa kalenda

Jua la kwanza la Aprili litakudanganya. Mchana unakaa na fulana, maji bado yana nyuzi 9. Subiri bwawa lifike nyuzi 15 na zaidi, asubuhi na jioni, kwa wiki nzima mfululizo; mara nyingi huko kaskazini ni Mei. Wenyeji wawe wanakula tena, na vipimo vya amonia na nitriti bwawani visome sifuri. Kisha teremsha joto la tangi nyuzi moja kwa siku mpaka lilingane na bwawa. Hamisha samaki jioni, kwa beseni, bila maji ya karantini.

Wachunguze kwa wiki mbili. Wageni watajificha, halafu watatokea wakati wa chakula nyuma ya wenyeji, halafu siku moja hutaweza kusema nani alianza kuwepo.

Ikiwa huna tangi lenye joto, huna muuzaji atakayekutunzia, na huna subira ya miezi sita, jibu ni fupi: usinunue koi Novemba. Weka pesa hiyo kando, pima maji yako kila wiki ujue tabia ya bwawa lako, na nenda dukani Mei. Koi akitunzwa huishi miongo kadhaa, kwa hiyo miezi sita ya kusubiri si hasara kwake wala kwako. Walio tayari bwawani wanategemea uamuzi wako. Wafikirie wao kwanza.